Kabla Ulipie Tisheti ya Matembezi, Jua Nani Alitembea Kwanza

Tuanze na kitu unachokijua. Jumamosi asubuhi Nairobi, saa moja na nusu. Barabara imefungwa, wasee wamevaa tisheti za rangi moja, spika zinanguruma, na kuna jamaa wa maikrofoni anatuuliza mara kumi kama tuko tayari. Watu wanatembea kilomita tano, wanapewa maji, wanapiga selfi, wanarudi nyumbani. Jumapili simu yako imejaa picha. Ukiuliza matembezi yalikuwa ya nini, nusu watakwambia saratani, nusu watakuuliza, "Kwani hayakuwa ya moyo?"

Hata mimi nimewahi kuwa kwa hiyo nusu ya pili. Sijifanyi.

Lakini kuna matembezi ya aina moja yamekuwa yakinisumbua kichwa. Ni yale ya kuchangisha pesa na kuongea kuhusu afya ya akili ya wanajeshi. Yamekuwa kitu kikubwa Uingereza na Marekani, na mambo hayo huwa hayachukui muda kufika kwetu. Swali langu lilikuwa rahisi: kwa nini kutembea? Mtu ametoka vitani, halali usiku, mlango ukibamizwa anaruka, na sisi tunamwambia, "Njoo tutembee"? Mwanajeshi si ndiye mtu aliyetembea kuliko sisi sote?

Nikaanza kufuata hii stori nyuma, nyuma, nyuma. Ikanitoa Uingereza ikanileta mpaka Kariokor, pale unapokula nyama choma. Na niliporudi nayo mbele nikawa na jambo moja la kusema, nalisema mapema ndio usipotee: anayetoka vitani anahitaji njia ya kurudi nyumbani, na mtu wa kutembea naye kwa hiyo njia. Matembezi yakiwa hiyo njia, ni kitu cha maana sana. Yakiwa picha ya Jumamosi moja, ni tisheti tu.

Tuanze na yale makubwa. Mwaka 2015, shirika la Uingereza linaloitwa Walking With The Wounded liliandaa matembezi ya kuzunguka nchi yao. Kikosi kilikuwa cha wanajeshi sita wa zamani waliojeruhiwa, wengine mwilini, wengine akilini. Walianza Agosti 22 Scrabster, kaskazini kabisa mwa Scotland, wakamalizia Buckingham Palace, London, Novemba 1. Siku 72. Maili 1,000, yaani karibu kilomita 1,600. Piga hesabu ya Nairobi hadi Mombasa, urudi, halafu uende tena na bado uendelee. Mwanamfalme Harry, ambaye mwenyewe alipigana Afghanistan, alikuwa mlezi wa safari hiyo.

Angalia hiyo namba tena. Si kilomita tano. Ni siku 72. Kwa siku 72 unaamka na watu walewale, unakula nao, unalalamika nao kuhusu malengelenge ya miguu. Kuna siku mnaongea, kuna siku mnanyamaza. Mnaangalia mbele wote wawili, hakuna mtu amekukodolea macho akingoja ufunguke. Mwanaume aliyekataa kuketi mbele ya daktari miaka mitano anaweza kusema jambo lake kubwa pale kilomita ya mia nne, tena kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea kuhusu mvua.

Sawa, hiyo ni Uingereza. Sasa twende Kariokor.

Wengi wetu tunajua Kariokor kwa nyama, viondo na viatu vya akala. Jina lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Waswahili walilitamka walivyolisikia, likawa Kariokor hapa na Kariakoo kule Dar es Salaam. Masoko mawili maarufu ya Afrika Mashariki yanabeba jina la kikosi cha watu waliotembea.

Na walitembea, manze. Vita ilipoanza Agosti 1914, Waingereza wa huku walitaka kuwapiga Wajerumani waliotawala Tanganyika. Shida ni kwamba barabara hazikuwa, reli zilikuwa chache, na ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa sababu ya mbung'o. Kwa hivyo kila gunia la unga, kila sanduku la risasi, kila hema la ofisa lilipanda juu ya kichwa cha mtu. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kuwalazimisha vijana kuingia kazini, na 1917 msako ukawa mkubwa zaidi. Wanahistoria wanakadiria kwamba Waingereza walitumia karibu wapagazi milioni moja kwenye vita vile vya Afrika Mashariki. Mzigo ulikuwa kama kilo 25. Njia ilikuwa milima, vinamasi na msitu, hadi Msumbiji na kule ambako leo ni Zambia, mahali Wajerumani walipoweka silaha chini Novemba 25, 1918.

Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi waliokufa ni zaidi ya 90,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, njaa, na unga wa mahindi ambao haukuiva vizuri. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwahi kufika kwao nyumbani.

Ukipita Kenyatta Avenue utaona sanamu tatu za shaba. Zimesimama pale tangu mwisho wa miaka ya 1920. Mmoja wao ni mpagazi. Maandishi ya chini yanaahidi kwamba ukifa vitani watoto wako watalikumbuka jina lako. Sasa tafuta jina la mpagazi hata mmoja pale. Hakuna. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikubali kwamba angalau watu 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, na ikakubali kwamba ubaguzi wa rangi ulihusika.

Nimekuleta huku kwa sababu moja. Matembezi marefu zaidi ya kivita katika historia yetu hayakuwa ya hisani. Yalikuwa ya lazima. Na hakuna aliyeuliza waliorudi wamerudi na nini kichwani.

Wakati huohuo kule Ulaya, walikuwa wameanza kuuliza, ingawa vibaya. Februari 1915, daktari Charles Myers aliandika kwenye jarida la The Lancet kuhusu wanajeshi ambao hawakuwa na jeraha la kuonekana, lakini walikuwa wamepoteza usingizi, kumbukumbu, hata uwezo wa kuona vizuri. Jina la "shell shock", yaani mshtuko wa makombora, likashika. Mwanzoni walidhani ubongo umetikiswa na mlipuko. Baadaye wakakuta kuna watu wenye dalili hizo ambao hata hawakuwa karibu na mlipuko wowote. Yaani vita yenyewe ilikuwa inatosha.

Ungetarajia jeshi liseme, "Pole, pumzika." Wapi! Makamanda waliogopa kwamba jina la ugonjwa litawapa watu sababu ya kukwepa vita, na mwaka 1917 wakazuia lisitumike ovyo. Na kwenye vita ileile, wanajeshi 306 wa Uingereza na makoloni yake walipigwa risasi na wenzao alfajiri kwa makosa kama uoga na kutoroka. Mmoja wao, Harry Farr, alikuwa ametibiwa mshtuko huo kabla ya kuuawa Oktoba 1916. Familia yake ilibeba aibu hiyo kimyakimya, kisha ikaanza kupigania jina lake. Msamaha wa wale 306 ulikuja kwa sheria ya mwaka 2006. Yaani miaka 90 kusema jambo moja: huyu mtu alikuwa mgonjwa, hakuwa mwoga.

Sasa rudi Nairobi. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa 1910, miaka minne kabla ya vita. Unajua vile tunalitumia hilo jina. Mtu akifanya kitu cha ajabu tunamwambia "wewe ni wa Mathari" na tunacheka. Kuanzia 1938 hadi 1950 hospitali hiyo ilikuwa chini ya Mzungu mmoja anaitwa J. C. Carothers. Mwaka 1953 kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani, si na kampuni ya kichochoroni. Alisema depresheni ni nadra kwa Waafrika. Akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau, iliyowatazama wapiganaji zaidi kama watu wenye tatizo la kisaikolojia kuliko watu wenye kilio cha ardhi na uhuru. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyeishi na vita ya Algeria, alimjibu vikali kwenye kitabu chake cha 1961.

Umeona ujanja ulivyo? Mzungu akitetemeka baada ya vita, anaitwa mwoga, lakini angalau wanakubali kuna akili ya kutetemeka. Mwafrika akitetemeka, sayansi inasema hana kitu ndani cha kuumia. Hiyo fikra haikufa Waingereza walipoondoka. Iko hapa, imebadilisha nguo tu. Ukisikia mtu akisema "depresheni ni ugonjwa wa wazungu" au "mwanaume wa Kiafrika halii", anamnukuu Carothers bila kujua. Anadhani anatetea mila.

Tena mila zenyewe zilisema tofauti kabisa. Mwaka 1909 ofisa mmoja wa kikoloni, A. C. Hollis, alichapisha kitabu kuhusu Wanandi. Anaeleza kwamba mpiganaji wa Kinandi akiua mtu wa jamii nyingine, hakuruhusiwa kwenda nyumbani moja kwa moja. Alijipaka rangi, upande mmoja mwekundu, upande mmoja mweupe. Kwa siku nne alihesabiwa kuwa mchafu, akajenga kibanda karibu na mto, akakaa huko hadi atakaswe. Ndipo arudi kwa watu.

Sisemi turudi kujipaka rangi. Sisemi kila jamii ilikuwa na desturi hiyo, na sisemi ilikuwa tiba kama tunavyoijua leo. Nasema hivi: wazee wale waliona kwamba kati ya vita na nyumbani lazima kuwe na nafasi. Mtu aliyeua hawezi kuvua ngozi ya vita mlangoni na kuketi kula ugali na watoto kana kwamba ametoka shambani. Jamii nzima ilikubali kwamba kuna kitu kimemshika, na ikampa mahali, muda na utaratibu wa kukiacha. Haikumwambia ajikaze kisabuni.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, somo la 1915 lilikuwa limesahaulika. Agosti 1943 kule Sicily, Jenerali George Patton wa Marekani aliingia hospitali za jeshi na kuwazaba makofi wanajeshi wawili waliokuwa wamelazwa bila jeraha la kuonekana. Aliwaita waoga. Mmoja baadaye alipatikana na malaria. Patton aliamriwa kuomba msamaha, lakini fikiria kama jenerali mzima angeweza kufanya hivyo mbele ya madaktari, ofisa mdogo alifanya nini kwenye hema ambako hakuna anayeona.

Na sisi tulikuwa huko pia. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mwaka 1944 walipita Bonde la Kabaw kwenye mvua za masika ya Asia, kwenye matope na malaria, mahali wanajeshi walipaita bonde la mauti. Nairobi tuna Soko la Burma, na pale pia tunakula nyama. Hii miji yetu inakumbuka vita vizuri kuliko sisi. Tatizo ni kwamba inakumbuka kwa menyu.

Vita ilipoisha, Mmarekani mmoja akafanya jambo lililogeuza hii stori. Anaitwa Earl Shaffer. Alikuwa amehudumu kwenye visiwa vya Pasifiki, na rafiki yake wa utotoni, mtu aliyezoea kupanda naye milima, aliuawa Iwo Jima. Shaffer alirudi nyumbani Pennsylvania, lakini akili haikurudi. Mwaka 1948 alichukua begi akaenda Georgia, kwenye njia ndefu ya milimani inayoitwa Appalachian Trail, ambayo watu wengi waliamini haiwezekani kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Alitembea siku 124, zaidi ya kilomita 3,000, hadi Maine. Mwenyewe alisema alikuwa anatembea ili kuitoa vita mwilini. Anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuripoti kuimaliza njia hiyo yote kwa safari moja. Akairudia tena 1965. Na 1998, akiwa na karibu miaka 80, akaitembea mara ya tatu.

Hakukuwa na tisheti. Hakuna aliyemchangia. Lakini ukiuliza wazo la kutembea kwa ajili ya akili ya mwanajeshi limetoka wapi, mojawapo ya mizizi yake ni huyu mtu mmoja na begi lake. Vita ilikuwa imemfundisha kutembea kwa amri. Alichofanya ni kuichukua ile kazi ya miguu aifanye yake: atembee anapotaka, asimame akichoka, mwisho wa njia kusiwe na mtu wa kumpiga. Siku nne za Mnandi pale mtoni zimekuwa siku 124 milimani. Kazi ni ileile.

Hata jina tunalotumia leo lilipatikana kwa wanajeshi kukataa kunyamaza. Kuanzia 1970, Wamarekani waliotoka Vietnam walianza kukutana vikundi vikundi New York, wakiongea wenyewe kwa wenyewe, pamoja na madaktari wachache waliokubali kuketi na kusikiliza. Walisukuma mpaka mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kikaingiza PTSD, yaani kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha, kwenye kitabu chao rasmi cha magonjwa. Kutoka makala ya Myers hadi hapo ni miaka 65. Watu hawakuanza kuugua 1980. Walianza kuaminiwa 1980.

Sasa tuje nyumbani, na hapa ndio naomba usiscroli haraka.

Oktoba 2011 Kenya iliingia Somalia kwenye Operesheni Linda Nchi. Tangu hapo kuna kizazi kizima cha wanajeshi waliokwenda na kurudi. Alfajiri ya Januari 15, 2016, al-Shabaab walivamia kambi yetu ya El Adde. Serikali haikutoa wazi idadi kamili ya waliofariki, na familia zilisoma makadirio kwenye magazeti ya nje. Januari 27 ikafanywa ibada ya kumbukumbu Eldoret, marais watatu wakahudhuria. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile ya Januari 27, kambi ya Kulbiyow ikashambuliwa.

Fikiria aliyenusurika. Ndege inamtoa Somalia na kumshusha Nairobi kwa saa chache tu. Kesho yake yuko kwenye matatu, konda anabishana naye kuhusu shilingi kumi. Jioni mtoto anapasua baluni. Hakuna mto, hakuna kibanda, hakuna siku nne. Na akisema hali yake, anawaza: nitanyang'anywa bunduki? Nitapandishwa cheo tena? Wenzangu wataniita nani? Basi anakunywa. Au anagombana. Au ananyamaza, na sisi tunasema, "Huyo ni mtu wa jeshi, ndivyo walivyo."

Sheria nayo haikusaidia. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa la jinai. Mtu aliyefika mwisho wa kamba, badala ya daktari, alikuwa anaweza kukutana na pingu. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakiuka Katiba, kwenye kesi ambayo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili walikuwa miongoni mwa waliopeleka. Na kabla ya hapo, mwaka 2020, jopo kazi la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limependekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Kwa hivyo kusema hatujui si kweli. Tunajua.

Najua kuna msee anasoma hapa akisema, "Sawa, lakini kutembea kutabadilisha nini? Si ni vaibu tu?" Ni swali la haki. Matembezi hayatibu kiwewe. Tiba ni kazi ya watu waliosomea, na inachukua muda na pesa. Shaffer mwenyewe alirudia njia ile mara tatu, kwa hivyo usiseme alimaliza na vita kwa mara ya kwanza. Tena kuna hatari ya kweli: tukitembea kilomita tano na kupiga makofi, tunaweza kujidanganya kwamba deni limelipwa, na aliyekuwa anaumwa Ijumaa anaumwa Jumatatu, tofauti ikiwa sasa ana tisheti.

Lakini historia hii imenifundisha kitu kingine. Kila mara jambo hili liliposonga mbele, halikusongezwa na majeshi. Lilisongezwa na familia ya Farr iliyokataa aibu, na wale wa Vietnam waliokutana kuongea. Watu walioonekana pamoja hadharani wakisema jambo ambalo jeshi lilitaka linyamaziwe. Matembezi ni hivyo hasa: ni kuonekana pamoja hadharani. Mwanajeshi aliyejificha na ugonjwa wake miaka minne, akiona barabara nzima inatembea kwa ajili ya watu kama yeye, amejua jambo moja ambalo hakulijua asubuhi.

Kwa hivyo siku utakapoalikwa kwenye matembezi ya aina hii, nenda. Lakini uliza maswali manne kabla ya kulipa. Pesa zinaenda wapi hasa, kwa matibabu ya nani, na hesabu zitachapishwa lini? Je, mwanajeshi akisema anaumwa akili, kazi yake inalindwa, au tunamwita ajitokeze ili apoteze mkate? Familia ziko wapi, mke aliyelala macho miaka yote hiyo na mtoto aliyejifunza kutobamiza mlango? Na baada ya Jumamosi, nani anatembea na hawa watu Jumanne? Mwandalizi asiyeweza kujibu, mwambie akatafute majibu kwanza. Si kumchukia. Ni kwamba tumeshawahi kuwa na vita ambayo watu walitembezwa hadi wakafa na hakuna aliyewaandika majina. Hatuwezi kurudia hilo kwa muziki na maji ya chupa.

Kama mimi ningepanga matembezi hayo Nairobi, ningeyaanzia Kariokor. Si bustanini, si mbele ya hoteli. Pale sokoni asubuhi, moshi wa nyama ukianza. Tungetembea kimya, bila spika, hadi zile sanamu za Kenyatta Avenue, tusimame mbele ya yule mpagazi asiye na jina. Ni mwendo mfupi, hata nusu saa haifiki. Halafu kila mtu angepewa kazi moja ya kwenda kufanya peke yake.

Kazi yenyewe huhitaji kungoja tisheti kuifanya. Kila mtaa una mjomba, jirani, baba ya rafiki yako, aliyekuwa jeshini. Yule mnayesema ni mkali. Usimuulize ameua wangapi. Hilo swali limemfukuza mezani mara nyingi. Usimwambie anaonekana mgonjwa pia. Siku akitoka kwenda dukani, mwambie, "Mzee, hata mimi naenda huko." Mtembee. Ongea kuhusu mpira, kuhusu stima kupotea, kuhusu chochote. Akinyamaza, nyamaza naye. Kesho yake mpitie tena.